Tezi ya Shingo Ikilegea: Maradhi Yanayodhaniwa Uvivu



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza khabari za mikarafuu, za bei, na za uanikaji. Mara hii twaomba ruhusa yenu tuzungumze khabari ya mwili wa mkulima mwenyewe, kwani shamba lisilokuwa na mwenye nguvu za kulipalilia si shamba tena, ni msitu. Somo hili limetokana na swali la mwanachama mmoja wa hapa Pemba, nasi tumeona jibu lake lafaa kusomwa na wote.

Mwanachama huyo ana binti aliyeolewa Mkiwa, mkoani Singida. Kwa wasiopajua, Mkiwa ni mahali ambapo njia ya kwendea Itigi huachana na barabara kuu itokayo Manyoni kwenda Singida mjini. Ni katikati ya bara, zaidi ya kilomita 500 kwa barabara kutoka Dar es Salaam. Kwa muda wa miaka miwili binti huyo alikuwa akichoka bila ya sababu. Hulala usiku kucha, na asubuhi huamka kama hakulala. Alinenepa hali ya kuwa hamu ya chakula imempungukia. Sauti yake ikawa nzito, ngozi ikakauka, na baridi ya usiku ya kule ikamshinda kuliko wenzake wote nyumbani. Mimba mbili ziliharibika. Majirani wakasema ni mvivu. Jamaa wengine wakasema pana mkono wa mtu. Mwishowe alipimwa damu spitali, akaambiwa kuwa tezi yake ya shingo imelegea, akapewa vidonge vya kumeza kila siku.

Baba yake akatuuliza: Je, hayo si kwa sababu ya kukaa mbali na bahari? Nikimrejesha kisiwani akala samaki wetu na chumvi yetu, si ataweza kuviacha vidonge?

Jibu letu kwa ufupi ni hili: asiviache. Na sisi wa kisiwani tusidhani kuwa bahari imetukinga. Sababu za majibu hayo mawili ndizo zilizomo katika somo hili, na tumezipata katika maandishi ya madaktari na ya watafiti.

TEZI HII NI NINI

Mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo, pana tezi ndogo yenye umbo la kipepeo. Kwa mtu mzima uzito wake ni kama gramu 20. Madaktari huiita thairoidi. Kazi yake ni kutengeneza homoni, yaani kitu kinachoingia katika damu na kukiamrisha kila kiungo kifanye kazi kwa kasi gani: moyo upige mara ngapi, tumbo lisage upesi au polepole, mwili utoe joto kiasi gani.

Mfano wake ni msimamizi wa shamba siku za mavuno. Msimamizi hapandi juu ya mkarafuu, wala hakai kitako kuchambua. Lakini asipokuwapo, wachumaji huja wamechelewa, karafuu mbichi hulala ndani ya magunia, na majamvi hukaa matupu juani. Hapana aliyevunjika mguu, wala hapana aliyeiba, na kazi yote imezorota. Ndivyo unavyokuwa mwili ambao tezi yake imelegea.

Ili ifanye kazi hiyo, tezi yahitaji iodini, ambayo siku hizi tunaiita madini joto. Mtu mzima ahitaji maikrogramu 150 kwa siku, na mwanamke mwenye mimba 250. Maikrogramu moja ni sehemu moja katika milioni ya gramu. Tukipiga hesabu, mtu akiishi miaka 70, madini joto yote aliyoyahitaji hayafiki gramu 4, nayo ni chini ya kijiko kimoja cha chai. Ni kitu kidogo mno. Lakini mwili hauwezi kuyaweka akiba kwa miaka. Sharti yaje kidogo kidogo siku zote.

Chini ya ubongo ipo tezi nyingine ndogo inayoiangalia hii ya shingo. Ikiona homoni imepungua katika damu, hutuma amri ya kuhimiza kazi. Amri hiyo ndiyo inayopimwa spitali kwa jina la TSH. Kwa hiyo, mara nyingi, TSH ikiwa juu maana yake tezi ya shingo imelegea. Ni kama mwenye shamba anayezidi kupaza sauti kwa kuwa kazi haiendi. Na tezi ikihimizwa hivyo kwa muda mrefu bila ya kupata madini joto, huvimba. Uvimbe huo wa shingo ndio tunaouita rovu. Yafaa ifahamike, hata hivyo, kuwa wengi ambao tezi zao zimelegea hawana rovu la kuonekana, na wako wenye rovu ambao tezi zao zafanya kazi sawasawa. Kwa hiyo macho peke yake hayatoshi.

IKIACHWA BILA YA DAWA

Maradhi haya hayaji kwa kishindo kama homa ya malaria. Huja polepole kwa miezi na miaka, hata mwenyewe akazoea akadhani ni utu uzima. Basi natazame kiungo kimoja kimoja.

Moyo. Hupiga polepole, na nguvu zake hupungua. Mafuta yanayoitwa kolesteroli huzidi katika damu, na kwa miaka huziba na kukakamaza mishipa. Wengine hupandwa na shinikizo la damu. Yakizidi, maji hukusanyika katika mfuko unaouzunguka moyo.

Uso na ngozi. Uso na kope huvimba, ngozi hukauka na kupoa, nywele hukatika, na nyusi hupungua upande wa nje. Sauti hukwaruza. Daktari William Gull wa London aliwaeleza wanawake waliokuwa na hali hiyo mwaka 1873, kabla haijajulikana kuwa chanzo chake ni tezi.

Tumbo. Choo huwa kigumu na cha shida. Uzito huongezeka ijapokuwa mtu hali sana.

Akili na moyo wa ndani. Mtu husahau, hufikiri kwa taabu, huingiwa na huzuni asiyojua imetoka wapi. Wako walioyazidiwa hata wakaona na kusikia yasiyokuwapo, wakapelekwa kupungwa, na kumbe dawa yao ni kidonge.

Misuli na mikono. Misuli huuma na kukaza, na vidole hufa ganzi. Hapa sisi wakulima wa karafuu tutie mkazo. Kila msimu twasikia khabari za watu kuanguka mikarafuuni. Mchumaji ambaye vidole vyake vina ganzi, misuli haina nguvu na kichwa kizito, yumo khatarini kuliko mwingine. Mtu wa namna hiyo asipandishwe mti kwa kutahayarishwa, apelekwe akapimwe.

Uzazi. Hedhi huzidi au huvurugika, mimba huchelewa, na ikiingia huenda ikaharibika au mtoto akazaliwa kabla ya wakati. Mwanamme naye hupungukiwa na hamu na uwezo.

Watoto. Hili ndilo kubwa kupita yote. Katika miezi ya mwanzo mtoto aliye tumboni hutegemea homoni ya mama yake ili ubongo ujengeke. Mama akikosa madini joto sana, mtoto aweza kuzaliwa kiziwi na bubu, mfupi wa kimo na mzito wa akili, na hapana dawa ya kuyafuta hayo baadaye. Kadhalika wako watoto wachache, duniani kama mmoja katika kila 2,000 hadi 4,000, wanaozaliwa na tezi mbovu au hawana kabisa, hata kama mama ana afya. Mtoto huyo akipewa dawa katika wiki za mwanzo hukua kama wenzake. Akicheleweshwa, akili iliyopotea hairudi. Mtoto mchanga anayelala mno, anayenyonya kwa uvivu, mwenye ulimi mkubwa, choo kigumu na umanjano usiokwisha, asisifiwe kuwa ni mtulivu. Aonyeshwe kwa daktari.

Mwisho wake. Kwa wachache walioachwa miaka mingi, mwili hupoa, pumzi hupungua, moyo hulegea, na mgonjwa huingia katika usingizi mzito asiamke. Aghalabu hali hiyo huanzishwa na baridi, homa ya mapafu, au dawa za usingizi. Ni nadra, lakini wengi wanaofikia hapo hufa hata wakiwahishwa spitali.

Tusisahau jambo moja. Uchovu waweza kutokana na upungufu wa damu, sukari, malaria, au kazi nyingi na chakula kidogo. Kwa hiyo asitoke mtu baada ya kusoma hapa akasema, mimi nimekwisha kujua maradhi yangu. Kinachojulisha ni kipimo cha damu.

SABABU ZAKE

Duniani sababu kubwa ni kukosa madini joto. Lakini si sababu pekee. Pale ambapo watu wanapata madini joto ya kutosha, sababu kubwa ni nyingine kabisa: askari wa mwili, ambao kazi yao ni kupigana na vijidudu, hugeuka wakaishambulia tezi yenyewe mpaka ikafa kidogo kidogo. Hali hiyo ilielezwa mwaka 1912 na daktari wa Kijapani, Hakaru Hashimoto, nayo hubeba jina lake mpaka leo. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Wako pia waliokatwa tezi kwa upasuaji, waliotibiwa kwa mionzi, na wanaotumia dawa fulani za moyo au za akili.

Kwa hiyo mwanachama wetu atambue kuwa huenda Mkiwa haina kosa lolote. Binti yake angeweza kupatwa na maradhi haya Wete au Mkoani vile vile. Kama tezi imeharibiwa na askari wa mwili wenyewe, hata akila samaki asubuhi na jioni haitafufuka. Ni kama mkarafuu uliokwisha kufa kwa ndani: kuutia mbolea sasa si dawa.

JE, BAHARI YATUKINGA?

Wazee wetu walikuwa wakisema rovu ni la watu wa milimani. Kwa bara kauli hiyo ilikuwa na ukweli wake, kwani mvua za karne nyingi huosha iodini katika udongo wa milima na kuipeleka baharini. Ndiyo maana tangu mwaka 1986 Tanzania ilianza kugawa vidonge vya mafuta yenye iodini katika wilaya za bara zilizoathirika zaidi, na katika miaka ya 1990 ikafuata kazi ya kutia madini joto katika chumvi. Rovu likapungua sana.

Lakini visiwani kwetu, kwa kuwa tumezungukwa na maji, tulidhaniwa tumesalimika. Mwaka 2006 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa Unguja na Pemba miongoni mwa watoto wa skuli. Unguja watoto wenye rovu walikuwa asilimia 21.3. Pemba walikuwa asilimia 32, yaani karibu mtoto mmoja katika kila watatu. Nyumba zilizokuwa na chumvi yenye madini joto Unguja zilikuwa asilimia 63.5, Pemba ilikuwa asilimia 1 tu. Hesabu hizo ni za wakati ule, wala hatusemi kuwa ndivyo ilivyo leo. Tunazitaja kwa kuwa zimevunja dhana: kukaa kisiwani peke yake si kinga.

Imekuwaje, na bahari ndiyo yenye iodini? Tupige hesabu tena. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35, na iodini kama maikrogramu 60 tu. Basi hata kama iodini yote ingebaki ndani ya chumvi, mtu anayekula gramu 5 kwa siku angepata maikrogramu 9, hali ya kuwa ahitaji 150. Na kwa kweli haibaki yote. Nyingi hupotea wakati maji yanapokaushwa juani. Kwa hiyo chumvi ya mashamba yetu ya chumvi, ijapokuwa ni nyeupe na safi, haina madini joto ya kutosha mpaka yatiwe kwa makusudi.

Samaki wana iodini, ni kweli. Lakini kiasi chake hutofautiana kwa kila aina, na nyumba nyingi za shamba hazipati samaki kila siku. Mwani nao una iodini nyingi, lakini tunaulima kwa kuuza nje. Wala hatumshauri mtu aufanye mwani kuwa dawa, kwani iodini ikizidi mno nayo huidhuru tezi.

MUHOGO NAO UMO

Katika Ziwa Kivu, upande wa Kongo, kipo kisiwa kiitwacho Idjwi. Katika miaka ya 1960 watafiti waliona ajabu: watu wote wa kisiwa hicho walikuwa na upungufu wa iodini, lakini rovu lilikuwa jingi kaskazini na kidogo kusini. Wakafuatilia, wakakuta tofauti iko katika chakula, khasa muhogo. Muhogo mchungu usiotayarishwa vizuri una sumu ambayo mwili huigeuza kuwa kitu kinachoizuia tezi isichukue iodini. Mwenye madini joto ya kutosha hadhuriki sana na hilo, aliyepungukiwa huzidishiwa.

Hatusemi watu waache muhogo; nani kati yetu aliyekua bila ya muhogo? Tunasema: muhogo mchungu uvundikwe au urowekwe, ukaushwe vizuri, upikwe ukaiva, na chumvi ya kuungia iwe yenye madini joto.

DAWA YAKE

Zamani aliyepatwa na maradhi haya hakuwa na tumaini. Mwaka 1891 daktari kijana wa Newcastle, Uingereza, aitwaye George Murray, alimpiga mgonjwa mmoja sindano ya dawa iliyotolewa katika tezi za kondoo. Mama huyo alipata nafuu, akaishi miaka 28 zaidi mpaka mwaka 1919. Leo hapana haja ya kondoo. Homoni yenyewe hutengenezwa viwandani kwa jina la levothairoksini, nayo ni kidonge kidogo cha kumeza mara moja kwa siku. Mwenye kukimeza ipasavyo huishi kama mtu mwingine yeyote, akalima, akachuma, akazaa.

Masharti yake ni haya:

1. Kimezwe kwa maji matupu, tumbo likiwa halina chakula, kabla ya chai kwa nusu saa hadi saa nzima.

2. Vidonge vya kuongeza damu na vya chokaa visimezwe pamoja nacho. Vipishane kwa saa nne.

3. Baada ya wiki sita hadi nane damu ipimwe tena, ili daktari aongeze au apunguze. Asijiongezee mtu mwenyewe, kwani ikizidi moyo huenda mbio.

4. Mwanamke akishika mimba aende kwa daktari mara moja. Aghalabu kipimo cha dawa huongezwa. Kuiacha kwa kuogopa kumdhuru mtoto ndiko kunakomdhuru.

5. Mwezi wa Ramadhani dawa yaweza kuhamishiwa usiku, saa kadhaa baada ya futari, au nusu saa kabla ya daku. Daktari aulizwe kabla ya mfungo kuanza.

6. Kwa walio wengi dawa hii ni ya maisha. Mgonjwa akijiona mzima, uzima huo umeletwa na kidonge. Akikiacha, haanguki siku ile wala wiki ile, na hapo ndipo watu hudanganyika. Baada ya wiki na miezi yote hurejea.

YATUPASAYO

Kwa mwanachama wetu twasema: mlete binti yako akutembelee, na samaki mpikie, lakini aje na vidonge vyake vya kutosha safari nzima, na arudi kupimwa siku aliyoagizwa. Amwulize daktari wake sababu ya maradhi yake ni ipi. Na mume wake aelezwe, ili ajue kuwa aliyemwita mkewe mvivu alikuwa akimtukana mgonjwa.

Kwa wanachama wote: unaponunua chumvi, tazama kama mfuko umeandikwa kuwa ina madini joto. Iweke katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua, moshi na unyevu, kwani madini joto hupotea. Usiongeze kiasi cha chumvi, kwa kuwa chumvi nyingi huleta shinikizo la damu. Unachobadilisha ni aina yake. Na ndugu zetu wenye mashamba ya chumvi tunawasihi watie madini joto katika kila gunia. Mnunuzi hawezi kuyaona kwa macho wala kuyaonja kwa ulimi. Uaminifu wa mtengenezaji ndio kinga ya watoto wetu.

MASWALI YA KUZUNGUMZWA KATIKA MATAWI

1. Chumvi inayouzwa katika maduka ya kijiji chenu ina madini joto? Nani atakwenda kuitazama mifuko kabla ya mkutano ujao?

2. Kwa nini chumvi ya bahari peke yake haitoshi? Mmoja wenu awapigie wenzake hesabu yake.

3. Ni dalili zipi zitawafanya mumpeleke mchumaji akapimwe badala ya kumpandisha mti?

4. Mama mwenye kumeza vidonge hivi amepata mimba. Mtamwambia nini?

5. Kwa nini mwenye maradhi haya hawezi kupona kwa kuhama Mkiwa kuja Pemba?

Matawi yatakayopenda kuzidishiwa maelezo yatuandikie, nasi tutaomba daktari aje azungumze nanyi kabla ya msimu wa kuchuma kuanza.

Katibu wa Chama